Sura ya Tano: Dawa ya Moto Si Moto

Mpe mtu gemu ya Mega Man 2 kwa mara ya kwanza, utamsikia akiuliza maswali mawili. La kwanza huja kabla pedi haijapata joto mikononi mwake: "Nianze na nani?" La pili huja nusu saa baadaye, kwa sauti nyingine kabisa: "Huyu mtu anapigwaje?"

Sura hii inajibu yote mawili, kwa sababu ukiyachunguza utaona ni swali moja. Wengi wanaoshindwa hudhani vidole vyao ni vizito. Mara nyingi vidole havina kosa. Wamemfuata mtu sahihi kwa wakati usio wake, au wamemfuata bila kumtazama.

Tuanze na ambaye hajawahi kuiona gemu hii. Ilitengenezwa na kampuni ya Capcom ya Japani, ikatoka huko mwezi Desemba 1988 kwa jina la Rockman 2, kisha ikafika Marekani mwaka 1989. Unamwongoza roboti mdogo wa bluu ambaye mkono wake mmoja hugeuka bunduki. Anakimbia, anaruka, anapiga. Basi. Ufundi wa kuteleza chini ulikuja kwenye Mega Man 3, na ule wa kulimbikiza nguvu ya bunduki ukaja kwenye Mega Man 4. Hapa una miguu yako na risasi ndogo za njano.

Mbele yako kuna roboti wanane wakubwa: Metal Man, Air Man, Bubble Man, Quick Man, Crash Man, Flash Man, Heat Man na Wood Man. Kila mmoja ni bosi, yaani adui mkuu anayekungoja mwisho wa hatua yake ndani ya chumba kilichofungwa. Ukimshinda, unachukua silaha yake na kuitumia utakavyo. Na unaruhusiwa kumchagua yeyote uanze naye. Uhuru huo ndio utamu wa gemu hii, na ndio unaowaponza wageni.

Kama umehangaika nao, hukuanza wewe. Mwaka 2007, karibu miaka 20 baada ya gemu kutoka, mashabiki wa Japani walisambaza mtandaoni wimbo mzima wa mchezaji anayelalamika kwamba Air Man hapigiki. Wimbo huo ulipendwa sana, maana kila aliyeusikia alikuwa na Air Man wake.

Mizani iko sawa

Ukiingia chumbani kwa bosi, tazama pembeni mwa skrini. Kuna milia miwili iliyosimama. Mmoja ni uhai wako, mwingine ni wake. Wengi huamini wa bosi ni mrefu zaidi. Si kweli. Wewe una vipande 28 na yeye ana vipande 28.

Kinachotofautiana ni kile ambacho kila pigo linakula. Risasi yako ya kawaida humchoma kidogo tu, ilhali yeye akikugusa hata kwa bega unapoteza vipande kadhaa. Ni kama watu wawili wenye akiba sawa benki, mmoja anatumia mia mia na mwenzake anatoa elfu kumi kila anapopita dirishani. Hakuna ajabu atakayefilisika kwanza.

Hapo una njia mbili za kurekebisha hesabu. Ama unapunguza anavyokugusa, na hiyo ndiyo kazi ya kumsoma. Ama unaongeza uzito wa pigo lako, na hiyo ndiyo kazi ya kuchagua silaha. Mchezaji hodari hufanya yote mawili. Mchezaji wa kawaida akifanya moja vizuri, anapita.

Jambo moja dogo linalowapotezea wengi risasi: bosi akipigwa humetameta kwa muda mfupi, na risasi zinazofuata wakati huo hazimdhuru. Kubonyeza kitufe kama mtu anayepiga kengele ya geti kwa hasira hakusaidii. Piga, ngoja atulie, piga tena. Na wewe vilevile, ukiguswa unametameta, na kwa sekunde hiyo huguswi tena. Ukishapigwa, itumie nafasi hiyo kupita katikati yake na kutoka kwenye kona.

*Kwa ufupi: uhai ni 28 kwa 28. Usihesabu umepiga risasi ngapi. Hesabu ngapi zimempata.*

Jiwe, karatasi, mkasi

Watoto wanaujua mchezo wa mikono ambamo jiwe huuvunja mkasi, mkasi huikata karatasi, na karatasi hulifunika jiwe. Hakuna mkubwa wa wote. Mega Man ya kwanza, iliyotoka mwaka 1987 ikiongozwa na Akira Kitamura, ilijengwa juu ya wazo hilohilo: silaha ya bosi mmoja ni sumu ya bosi mwingine. Ile ya kwanza ilikuwa na mabosi sita. Kwa ya pili, Capcom iliwaalika mashabiki kutuma michoro ya mabosi, ikapokea maelfu, na wanane unaowaona walitokana na michoro hiyo.

Wanane hao wanaweza kupangwa mduara. Huu hapa:

1. Misumeno ya duara ya Metal Man humkata Bubble Man.
2. Mapovu mazito ya Bubble Man humzima Heat Man.
3. Moto wa Heat Man humteketeza Wood Man.
4. Ngao ya majani ya Wood Man humwangusha Air Man.
5. Vimbunga vya Air Man humnasa Crash Man.
6. Mabomu ya Crash Man humpasua Flash Man.
7. Silaha ya Flash Man ya kusimamisha wakati humnyonya Quick Man.
8. Bumerangi za Quick Man humrudi Metal Man.

Baadhi ya viungo vya mnyororo huu vina mantiki ya nyumbani kabisa. Moto unakula mti, maji yanazima moto. Vingine vinahitaji uvivute kidogo. Majani yanamwezaje mtu wa upepo? Air Man ana feni kubwa tumboni, kwa hiyo mimi hujiambia kwamba majani yakimwingia, feni inakwama. Kuhusu mabomu na Flash Man sina hadithi. Yakariri tu.

Bado, mpangilio huu si sheria. Misumeno ya Metal Man, kwa mfano, humwumiza Flash Man vizuri pia, tena inarushwa pande nane na inakula nishati kidogo mno: misumeno minne kwa kipande kimoja. Ndiyo maana wachezaji wengi humtafuta Metal Man mapema. Fundi akiwa na spana moja nzuri, nusu ya kazi za siku ameshazimaliza.

*Kwa ufupi: usimuulize bosi ana nguvu gani. Uliza anamwogopa nani, kisha mtembelee huyo kwanza.*

Wa kwanza hupigwa mikono mitupu

Sasa utazame tena ule mduara. Unaona mtego? Kila bosi ana dawa yake, na kila dawa iko kwa bosi mwingine. Mduara hauna mlango. Popote utakapoingilia, mtu wa kwanza utakutana naye ukiwa na bunduki yako ya kawaida.

Hapa ndipo orodha za mkato zinapowaangusha watu. Rafiki anakuambia, "Anza na Metal Man, halafu Bubble Man," nawe unadhani umepewa ufunguo. Umepewa ramani ya nyumba. Mlango wa kwanza utausukuma kwa bega lako.

Habari njema ni kwamba Metal Man anasomeka. Anasimama upande mmoja wa chumba ambacho sakafu yake ni mkanda unaotembea, kama ule wa kubebea mizigo kiwandani, na mkanda hubadili mwelekeo. Ukimpiga risasi, anaruka na kurusha misumeno akiwa hewani. Ukimkaribia sana, anakuruka na kuhamia upande wa pili. Kwa maneno mengine, wewe ndiye unayempa ishara ya kuanza. Piga risasi moja, mtazame anaruka, kwepa misumeno, mpige anaposhuka. Tembea kinyume cha mkanda ili usibebwe hadi miguuni kwake. Ukipata mapigo hayo kwa utulivu, utakuwa umemshinda bosi ambaye dakika kumi zilizopita alionekana mashine ya kusagia nyama.

*Kwa ufupi: bosi wa kwanza ni mtihani wa macho. Chagua yule ambaye tabia yake unaiona, hata kama silaha yake haikuvutii.*

Maswali matatu ya kumsoma bosi

Kipa mzoefu hamtazami mpiga penalti usoni. Anatazama mguu wa kuegemea. Mabosi nao wana mguu wa kuegemea: ishara ndogo inayotangulia pigo. Ukiingia chumbani, yatoe maisha yako ya kwanza sadaka. Usipige kwa pupa. Tazama, ujiulize maswali matatu.

*Anaanza lini?* Crash Man hukimbia huku na huku bila madhara makubwa. Ukipiga, ndipo anaruka na kukutupia bomu kutoka juu. Ina maana wewe ndiye kengele yake. Na hapa utaona kwa nini vimbunga vya Air Man ni dawa yake: havisafiri moja kwa moja, vinapanda kwa mshazari. Unavirusha, yeye anaruka kwa mazoea yake, na vinamkuta hukohuko juu. Udhaifu wake umetoka katika tabia yake.

*Anapita wapi?* Wood Man hujizungushia majani yanayozuia risasi zako, kisha majani mengine hudondoka kutoka juu. Anayeogopa hukimbia ovyo na kuangukiwa. Simama upande wake wa mbali, angalia nafasi kati ya jani na jani, ujisogeze kidogo tu, kama mtu anayevuka barabara yenye magari: huvuki kwa kasi, unavuka kwa nafasi. Halafu anaitupa ngao yote kuelekea kwako na kuruka. Iruke ngao. Sasa hana kinga, na hiyo ndiyo sekunde yako.

*Anapumzika lini?* Heat Man akipigwa hujigeuza mwali wa moto na kukurukia kwa kasi kwa mlalo. Wakati wa mwali, usihangaike kumpiga. Ruka, mwache apite chini yako, geuka, mtie mapovu anaporudia umbo lake. Akili nzima ya pambano hilo ni kujua saa ya kutofanya kitu.

Air Man yule wa kwenye wimbo anajibu maswali mawili kati ya hayo matatu. Anatoa vimbunga kwa mpangilio, vinajaa chumbani, kisha anavipuliza kuelekea kwako na upepo unakusukuma nyuma. Baada ya kurudia hivyo anaruka hadi upande wa pili. Ugumu wake ni kwamba mipangilio ya vimbunga ni kadhaa, na baadhi yake ina upenyo mwembamba mno. Mwenye ngao ya majani hamalizi dakika. Asiyekuwa nayo akubali kuguswa mara chache na kujibu kila anapoguswa, kuliko kutafuta pambano safi lisilokuwepo.

Quick Man ni yule anayekataa kusomeka. Anakimbia, anaruka kimo chochote anachotaka, na bumerangi zake husimama hewani kisha hukuelekea upya. Kwake, usipoteze muda kutafuta kanuni. Baki chini, jiweke tayari kuruka, na uje na silaha nzito.

*Kwa ufupi: anaanza lini, anapita wapi, anapumzika lini. Ukipata majibu mawili, umeshashinda nusu.*

Nishati ni bajeti ya mwezi

Silaha za kuazima zina kikomo. Kila moja ina nishati yake, vipande 28 vilevile, na ukipoteza maisha nishati hairudi yenyewe. Unaijaza kwa vidonge vidogo vinavyodondoshwa na maadui au vilivyowekwa njiani. Kwa hiyo kuna wachezaji wanaofika kwa bosi wakiwa na dawa sahihi mfukoni lakini chupa ni tupu.

Mfano mzuri zaidi uko kwa Quick Man. Ndani ya hatua yake unaanguka kwenye mashimo ambamo miale hutoka ukutani, na mwale mmoja ukikugusa umekufa papo hapo, hata uhai wako ukiwa umejaa. Silaha ya Flash Man ya kusimamisha wakati inaigandisha miale hiyo. Lakini silaha hiyo ikishawashwa haizimiki mpaka nishati yote iishe. Na ni hiyohiyo ambayo ukifika kwa Quick Man ukiwa nayo imejaa, inamnyonya nusu ya uhai wake kabla hujapiga risasi hata moja.

Utaitumia wapi? Njiani au mwisho wa safari? Ushauri wangu: kama njia inakuua kila mara, itumie njiani, maana dawa ya bosi haina maana kwa mtu asiyefika kwa bosi. Baadaye, ukiisha kuijua miale kwa moyo, itunze. Hata nyumbani bajeti hupangwa hivyo. Kwanza unalipa kinachokuzuia kulala, ndipo unaweka akiba.

Kuna pia vikopo vya akiba vyenye herufi E, ambavyo vilianza kuonekana katika gemu hii. Kimoja hukujazia uhai wote, na unaweza kubeba vinne. Watu hufanya makosa mawili navyo: wengine huvinywa kwa bosi wa kawaida ambaye wangemrudia bure, wengine huviogopa kiasi cha kufa navyo mfukoni. Viweke kwa ajili ya ngome ya mwisho, na ukifika huko vinywe.

*Kwa ufupi: kabla ya kuingia mlango wa bosi, kagua mambo matatu:*

- silaha anayoiogopa iko nawe?
- nishati yake imejaa?
- umeshaichagua, au utaanza kuitafuta huku unapigwa?

Ngome ya Dokta Wily

Ukiwamaliza wanane, inafunguka ngome ya Dokta Wily, mwanasayansi aliyewatengeneza. Huku gemu inapima kama ulielewa au ulikariri.

Chumba kimoja kimewatoa watu machozi kuliko vyote. Hakina jitu. Kina vifaa vitano vya ukutani vinavyokupiga kwa pamoja, na baadhi vimejificha nyuma ya kuta ndogo. Kinachoviharibu ni mabomu ya Crash Man peke yake, na nishati iliyojaa inatoa mabomu saba. Fanya hesabu: vifaa vitano, mabomu saba, yamebaki mawili ya kuvunjia kuta. Ukikosea moja, umekwama. Aliyeingia bila kuhesabu anajifunza kuhesabu humo, kwa gharama. Suluhisho ni kutafakari kwanza njia: kifaa kipi kinafikika bila kuvunja ukuta, ngazi na kuruka vitakusaidia wapi, na ukuta upi ukiuvunja unakufungulia zaidi ya kimoja.

Baadaye kuna ukumbi wenye milango minane ya kusafirishia, na kila mlango unakurudisha kwa mmoja wa wale mabosi. Sasa mfuko umejaa, na ule mduara unautumia wote kwa mpigo. Ni sherehe kama umepanga vizuri. Na hapo gemu inakuonyesha mzaha wake mzuri kuliko wote.

Methali yetu inasema dawa ya moto ni moto. Jaribu kumpiga Heat Man kwa moto wake mwenyewe, na hutamdhuru. Moto ni damu yake. Dawa yake ni mapovu. Lakini jaribu kumrushia Metal Man misumeno yake mwenyewe. Katika kiwango kigumu anakufa kwa mapigo mawili. Katika kiwango cha kawaida, kilichoongezwa kwenye toleo la Marekani, anakufa kwa pigo moja. Bosi uliyemtolea jasho mwanzoni, ukimbembeleza risasi moja moja juu ya mkanda unaotembea, anaondoka kabla hajakunja mkono.

Methali, basi, ni kweli kwa mmoja na si kweli kwa mwingine. Hakuna njia ya kulijua hilo kwa kufikiri tu. Ni lazima ujaribu. Na kujaribu ndiko mchezaji mwenye haraka anakokuruka: anapata silaha nane, anaendelea kutumia ile aliyoizoea.

Silaha iliyobaki mfukoni

Adui wa mwisho kabisa anakungoja katika chumba cha giza, akielea kama kiumbe kutoka nje ya dunia. Mchezaji anayemfikia kwa mara ya kwanza huenda moja kwa moja kwa silaha zenye jina: moto uliolimbikizwa, mabomu, misumeno iliyomtoa Metal Man kwa pigo moja. Hakuna kinachomgusa.

Kinachomdhuru ni mapovu ya Bubble Man. Ni silaha nzito na ya polepole, inayodondoka mbele ya miguu yako na kubingirika sakafuni, ambayo wengi wameisahau tangu walipomzima Heat Man. Kwa adui anayeelea hewani, ni kazi ya kuruka, kuachia povu kwa kipimo, kukwepa, na kuruka tena. Na kama nishati ya mapovu uliimwaga njiani, utatazama ule mlia wa vipande 28 bila kitu cha kuufanya.

Turudi kwa aliyeuliza aanze na nani. Aanze na yule ambaye akimtazama kwa maisha mawili matatu anaweza kusema atafanya nini kabla hajafanya. Kwa wengi huyo ni Metal Man. Kwako anaweza kuwa mwingine. Ukimtoa kwa bunduki ya kawaida, mduara umefunguka, na kuanzia hapo kila mlango una ufunguo. Ila usiutupe ufunguo wowote kwa sababu ni mdogo.